Posa Siku ya Mwezi Mpevu

Jumapili, 14 Julai

Wanakuja! Jumamosi, saa nane mchana — saa ya heri, mnajimu kaipigia hesabu mwenyewe. Mshenga wetu, Bwana Heenbanda, kaleta habari mdomo umejaa tambuu. Nimemwelewa nusu, na hiyo nusu imenitosha. Bi Ranmenike, mama wa Saminda, kijana anayeposa, anataka kumwona binti yangu Dulanji hapa nyumbani, atuone na sisi wazazi, ndipo aseme ndiyo au hapana. Kwao anayesema ni mama. Baba mtu kazi yake kuitikia.

Dulanji kajifanya hajali. Kisha nikamsikia anaimba bafuni. Zaidi ya mwaka sijamsikia akiimba! Nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza mpaka maji yakafungwa.

Jioni — ole wangu. Nakata kitambaa cheupe cha jirani yangu Asilin, naye ananisisitizia nisimwangushe, anakihitaji Jumamosi hekaluni. Mkasi ukasimama. Jumamosi ni Poya, mwezi mpevu! Wiki nzima nashona nguo nyeupe za watu wa kushika miiko siku hiyo, na bado nimemwambia mshenga Jumamosi inafaa kabisa. Kichwa hiki kazi yake ni kubeba nywele tu.

Maana kila Poya nashika miiko minane ya Buddha, alfajiri hadi alfajiri. Kutoua, kutoiba, kutokula baada ya adhuhuri, na mingineyo. Kutosema uongo nako kumo. Niliweka nadhiri mwaka jana, harusi ya Dulanji ilipovunjika, na sijaruka Poya hata moja.

Jumanne, 16 Julai

Heenbanda karudi. Nimemuuliza amewaambia nini wale watu. Amewaambia Dulanji anapika (kweli, siku akitaka), mpole (hm), na hajawahi kuposwa na mtu.

Hajawahi! Ukumbi ulikuwa umelipiwa, kadi zimefika mpaka mji wa Matale, imebaki wiki moja tu, binti akasema yule mwanamume hamtaki. Sababu hakuitoa, si kwangu wala kwa baba yake. Nikawa naenda sokoni nikitazama vidole vya miguu yangu.

Heenbanda anasema hilo limepita, na kwamba mimi nitabasamu tu, maneno nimwachie yeye. Nikamkumbusha miiko. Akaniomba niishike siku nyingine, kana kwamba mwezi utanisubiri. Mume wangu Piyatilaka naye ana wazo: nishinde hekaluni, azungumze yeye na wageni. Mtu huyu hata paka hawezi kumficha samaki alipo!

Dulanji anasema Saminda anajua yote, alimwambia kwenye simu ya kwanza kabisa. Asiyejua ni mama yake, na Saminda anamwogopa mama yake kuliko nyoka. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama nadhani watamkataa. Nikamwambia haiwezekani. Leo si Poya, nashukuru.

Alhamisi, 18 Julai

Nimepeleka chakula cha watawa ili nipate kisingizio cha kuuliza. Mtawa Sumanasiri alikuwa juu ya ngazi anahangaika na spika iliyokufa, joho amelikaza kiunoni. Ni kijana, ningeweza kumzaa. Nikauliza kutoka chini: mtu asipoulizwa, akanyamaza, je, amesema uongo?

Akasema uzito wa tendo uko kwenye nia. Kisha akashuka ngazi mbili ili anione vizuri.

"Kunyamaza ili usimwumize mtu ni jambo moja, mama. Kunyamaza ili aamini kisichokuwepo ni jingine. Wewe unanyamaza kwa lipi?"

Nikamwambia naona waya umelegea pale kushoto. Akacheka sana, na waya kweli ulikuwa umelegea.

Akaongeza kwamba Buddha hakutaka neno liwe la kweli tu. Liwe na faida, liwe la upole, lije kwa wakati wake. Njia nzima nimetafuta humo upenyo. Wakati wake — labda baada ya harusi? Baada ya mjukuu wa pili? Nikacheka peke yangu, watu wa basi wakanitazama. Kila mahubiri tunaambiwa mateso yanaanzia kwenye kung'ang'ania, nami huitikia kwa viganja vyote viwili. Masufuria yangu niko tayari kuyaachilia hata kesho. Lakini huyu ni mwanangu, na ameanza tena kuimba.

Ijumaa, 19 Julai

Tumekaanga vikeki vya asali sinia tatu. Kesho wakila sitaonja hata kimoja. Piyatilaka kamtoa panya jikoni kwa ufagio, taratibu, kama anamsindikiza mkwe. Dulanji hali kitu. Mimi nakula kwa niaba yake.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika haraka, wako sebuleni.

Alfajiri nilishika miiko hekaluni, saa tano nikala, nikarudi nyumbani na nguo zangu nyeupe. Heenbanda kuniona hivyo akashika kichwa. Saa nane gari likasimama. Akashuka Saminda, akashuka baba yake, na nyuma yao Bi Ranmenike — amevaa nyeupe tupu, kichwani mpaka miguuni! Naye yuko kwenye miiko. Heenbanda nusura ameze tambuu.

Wanaume wakashambulia vikeki. Sisi wawili tukakaa na chai ya rangi, tunatazama masinia kama watoto waliofungiwa nje. Nilianza kumpenda. Ndipo akaweka kikombe chini, akanitazama.

"Mama Dulanji, mimi leo siwezi kusema uongo, na naona wewe pia huwezi. Kuna jambo la binti hatujaambiwa?"

Heenbanda akaanza kusifu hali ya hewa. Piyatilaka akatazama dari. Nikamwona Dulanji mlangoni na birika mikononi. Ningenyamaza. Mungu yeyote anayepita angenielewa. Lakini nilijua nanyamaza kwa lipi.

Nikasema yote. Ukumbi, kadi, wiki moja. Nilisema polepole, nikasema pia kwamba hakuna kosa la binti ninalolijua.

Kisha Bi Ranmenike akamgeukia Dulanji, akamuuliza sababu, moja kwa moja, swali ambalo mimi niliogopa kulirudia mwaka mzima.

"Alimpiga teke mbwa mwenye mimba wa jirani," Dulanji akasema. "Mbwa alilia, yeye akacheka. Nikaona nitazeeka nikisikia kile kicheko."

Ni hilo! Mwanangu! Nami nilikuwa naona haya kwa ajili yake sokoni. Nikalia mbele ya wageni, na birika likachukuliwa na Saminda kabla halijaanguka.

Bi Ranmenike hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Akawatuma vijana nje wakatembee, akamwambia Heenbanda awafuate, na asirudi mpaka aitwe. Akaniambia niende nikanawe uso.

Nimenawa. Kalamu inateleza, vidole bado vina maji. Sebuleni nasikia baba yake Saminda anaomba jambo kwa sauti ya chini, na mkewe anamjibu kwamba leo ni Poya, hawezi. Kiti kinasogezwa. Sasa ananiita, na hasemi tena Mama Dulanji.

"Njoo ukae, mdogo wangu. Ya kwetu ambayo hamjaambiwa ni matatu."