Gari Lilipopita Rodi

Macalder, Migori
8 Septemba 1996

Mama Caren,
Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo. Shimo la dhahabu limejaa maji, tunayatoa kwa ndoo. Caren ameacha kukohoa? Krismasi sitakuja, kazi ni nyingi.
Mumeo, Boaz

Rodi Kopany
29 Septemba 1996

Baba Caren,
Kikohozi kimeisha, Mungu ashukuriwe. Mahindi nimevuna peke yangu. Agosti ulilala hapa siku mbili umenigeuzia mgongo, suruali mwilini. Kama una mwanamke huko, niambie kwa Kiswahili hiki hiki tulichooana nacho.
Mkeo, Nyakerario

Macalder
20 Oktoba 1996

Mama Caren,
Habari za hapo, na hasira yako? Sina mwanamke. Nina ugonjwa. Tangu Februari ngozi ya mbele ya uume imekuwa nyeupe kama karatasi ya sigara. Imekaza, inapasuka, hairudi nyuma. Nikikojoa nauma meno. Nilidhani ni ukimwi. Nikadhani tena ni chira, laana ya kujenga kabla ya kaka yangu Elkanah. Nikapaka mafuta ya taa. Mtu wa sokoni akanidunga sindano tatu bila hata kuniangalia.

Juzi nilienda zahanati, Karungu. Daktari aliniambia nivue, akatazama, akauliza mbona nimekaa miezi minane. Akasema, "Hukuambukizwa na mtu, wala hutamwambukiza mkeo. Lakini ukiacha hivi, njia ya mkojo itaziba." Dawa ya kupaka peke yake haitoshi tena. Lazima nitahiriwe, Homa Bay, tarehe 14 Novemba.

Sisi Wajaluo tulikuwa tunang'oa meno kuingia utu uzima, hatukati. Unakumbuka siku ya mahari, kaka yako Bogonko alivyonikataza kiti cha wanaume, eti mimi bado mtoto. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Sasa yeye atasema Wakisii wamenishinda, na Elkanah atasema nimehamia ukweni. Usimwambie mtu. Na usije.
Mumeo, Boaz

Wodini, Homa Bay
13 Novemba 1996

Mama Caren,
Hamjambo? Barua yako sijaiona. Leo gari limepita Rodi. Nilikuona sokoni, umeinamia nyanya. Nami nikainama mpaka tukapita.

Mzee wa kitanda cha pili ameniuliza naumwa wapi. Nikasema mguu. Akatazama miguu yangu yote miwili. Yeye huletewa uji na binti zake. Nesi ameuliza nani atakuja kunichukua. Nimesema watu wangu wako mbali.
Baba Caren

Langoni, Homa Bay
15 Novemba 1996

Baba Caren,
Pole na kidonda. Umelalaje? Sikujibu kwa sababu ulisema nisije, nami sikutaka kukuahidi uongo. Mlinzi anasema saa ya kuona wagonjwa ni kumi. Nesi anakuletea karatasi hii na leso ya kujifunga kiunoni, maana suruali itakuumiza.

Bogonko hajui. Kwetu aliyekatwa harudi peke yake, wanaume humwimbia njiani. Mimi ni mwanamke, wimbo ule si wangu. Nitatembea tu kando yako, polepole.

Jumatano nilikuona garini. Niliinama ili upite.
Mama Caren