Asali Kutoka Usinge

Tabora, 3 Juni 1936

Mdogo wangu Tekla,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa hatujambo, mke wangu Apolinaria na watoto wanawasalimu. Mumeo Dionis hajambo? Mama hajambo? La mama nauliza kwa makusudi.

Tangu baba alipofariki ukamchukua mama kwenda kwako Usinge, nimepata barua tatu. Zote umeandika wewe, na zote zinasema, "Mama anakusalimu sana." Basi. Mama niliyemjua mimi akitaja jina langu lazima anigombeze kwanza. Huyu anayenisalimu ni nani?

Kazi yangu unaijua. Nasimama mlango wa stesheni napokea tiketi za wanaoshuka, na kila atokaye huko kwenu namwuliza habari za mama. Selemani, yule anayeuza dagaa, amesema mama amekonda. Mwingine anasema hajapata kumwona. Kwa nini haonekani? Nani anamzuia?

Nijibu, na usinifiche.

Kaka yako,
Tobias


Usinge, 15 Juni 1936

Kaka Tobias,

Shikamoo. Barua yako imefika. Mama ni mzima, jana ameshinda akimenya karanga. Dionis hajambo ila mgongo. Mama hakukonda, ni umri tu.

Rafiki yangu Koleta anakuja hospitali ya huko. Ana mimba na miguu imemvimba. Atashuka Alhamisi. Mama amempa kibuyu cha asali akuletee, asali ya kwanza kurinwa mwaka huu, na kibuyu amekifunga mwenyewe. Tafadhali mpokee vizuri Koleta, hajapata kupanda treni.

Mdogo wako,
Tekla


Tabora, 28 Juni 1936

Tekla,

Tumsifu Yesu Kristo. Sote wazima. Koleta alifika nikampokea. Asali tumeila na watoto wameifurahia, mwambie mama asante.

Lakini hukunijibu. Niliuliza nani anamzuia mama, ukaniletea habari za karanga. Na kwa nini asali ije sasa, mara tu nilipouliza? Mtu akiulizwa neno akatoa zawadi, mimi pale mlangoni humfungulisha mzigo. Kuna jambo unalificha. Nina hakika.

Kaka yako,
Tobias


Usinge, 20 Julai 1936

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Koleta amerudi juzi, miguu imepungua kidogo. Amenieleza yote.

Ulimsimamisha juani mpaka abiria wakaisha. Ukamwuliza nani alirina asali, nani alifunga kibuyu, mimi nilikigusa au sikukigusa. Akakuambia, "Shemeji, naomba nikae, miguu inaniuma." Ukasema, "Jibu kwanza." Kisha ukaimwaga asali yote relini mbele ya watu, ukasema wewe si mjinga wa kulishwa dawa na mdogo wako.

Dawa, kaka. Mimi.

Umesema kuna jambo nalificha. Ni kweli. Kuna jambo namficha mama, na jambo lenyewe ni wewe. Watu wa hapa wakirudi kutoka Tabora hutaka kumwambia, "Mwanao anatuhoji kama wezi." Mimi huwawahi njiani nikawasihi wasimfikie. Ndiyo maana haonani na watu.

Umemsahau baba? Alivyokuwa akimwonjesha mama kila sahani kabla yeye hajaigusa, miaka yote, mbele yetu? Wewe ulikuwa ukitoka nje usione. Siku ilipofika barua yako, mama aliniuliza, "Tobias ameila asali?" Nikasema ameila. Akauliza, "Bila kumwonjesha mtu?" Nikasema, bila. Alicheka, kaka, akapiga na makofi.

Siku ile sikujua kuwa namdanganya. Sasa najua, na siwezi kumwambia. Usiniandikie tena.

Tekla


Tabora, 8 Novemba 1936

Mdogo wangu Tekla,

Natumaini mama na Dionis hawajambo. Sisi wazima. Ulinikataza kuandika, nami nimekaa zaidi ya miezi mitatu. Barua mbili nilizichana. Zote zilikuwa za kukuonyesha kosa lako.

Ulipomtaja baba nilikasirika. Niliapa mbele ya Apolinaria kwamba sijapata kumwonjesha mtu chakula. Mchana ule akaleta ugali na mlenda, na kabla hajanisogezea sahani akamega tonge, akachovya, akatafuna, akameza huku ananitazama. Ndipo akaisogeza. Tekla, hufanya hivyo kila siku. Nilikuwa natazama, wala sioni.

Nikamwuliza, "Tangu lini?"

Akasema, "Tangu ulipoumwa tumbo mwaka juzi. Hukuniambia nionje. Ulikuwa unaniangalia tu, mpaka nionje."

Nilitaka kumwambia ananisingizia. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nikalitambua. Ni la baba, hata sauti ni yake. Chakula sikukiweza.

Asali niliimwaga, kisha nikakudanganya. Dawa haikuwemo, nilijua hata nilipokuwa naimwaga, lakini watu walikuwa wanatazama na sikuweza kurudi nyuma. Koleta nimemkosea, na wewe zaidi. Nataka kuja kumwambia mama mwenyewe. Ukiona nisije, sitakuja, wala sitamwuliza mtu.

Sikuambii kwamba nimepona. Leo asubuhi ameshuka mzee wa Usinge. Nimepokea tiketi yake nikauma ulimi mpaka akapita.

Kaka yako,
Tobias


Usinge, 29 Novemba 1936

Kaka Tobias,

Shikamoo. Sisi wazima, mvua zimeanza. Koleta amepata mtoto wa kike.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mtego. Sikuuona, na bado sijakuamini. Hata mimi umeniambukiza. Siku hizi Dionis akichelewa shambani namhoji mpaka ananishangaa.

Mama nimemsomea yote, pamoja na ya asali. Nilidhani atalia. Akaniambia nirudie pale ulipomwuliza Apolinaria. Nikarudia. Akasema, "Baba yenu hakuniuliza hata siku moja, 'Tangu lini?'" Kisha akaendelea kuchagua mbegu.

Kesho yake akasema uje.

Njoo Jumamosi ya pili ya Desemba. Nitakupokea stesheni mimi peke yangu, na hadi nyumbani ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Ukianza kunihoji nitakurudisha, treni ya Tabora hupita alasiri. Ukinyamaza, tutafika.

Mdogo wako,
Tekla