Nikande, Mwanangu

Comayagua, Jumapili

Kaka yangu Heriberto,

Kahawa imeanza kuiva huku, na mimi na miwani yangu tumerudi tena darasani kusoma. Siku hizi sisi tunaofundisha wagonjwa kutembea upya tunaambiwa tupunguze kukanda. Mgonjwa ajiinue mwenyewe.

Basi Mama alipopooza mguu, nikamfanyia hivyo hivyo. Unajua mji mzima ulikuja kukandwa na yeye, na ndiye aliyenifundisha kazi. Akaniangalia, akasema, "We Nohemí, umesoma mpaka mikono imekuwa ya mapambo? Nikande mgongo, mwanangu!"

"Inuka kwanza, Mama."

Akainuka. Alifika mlangoni huku akiwatukana walimu wangu, nami nikampigia makofi.

"Haya, sasa nikande."

Nikamwambia kesho. Kesho yake hakuamka, kaka.

Nakuandikia majirani wakisali rozari sebuleni. Kabla hatujamvika nguo za kuzikiwa, niliwaomba wanipishe. Nikapasha mafuta viganjani, kama alivyonifundisha, nikamkanda kuanzia shingoni mpaka nyayoni. Nilisugua sana, lakini mgongo wake haukupata joto.

Dada yako,
Nohemí