Jani Kwenye Sahani ya Mama Mkwe

Krismasi, usiku

Mimi, kuomba msamaha! Tangu Pasaka niliapa kwamba mama mkwe ndiye atakayeanza, maana ndiye aliyewaambia wageni kuwa mtori wangu wa ndizi na nyama ni uji wa mtoto.

Leo alikuwa anakuja kula, na hela ya mapambo sina. Nikatandika kitenge, nikakata majani ya masale uzioni. Mengine nikayatia kwenye chupa ya soda, moja refu nikaliweka juu ya sahani yake. Meza ikapendeza, jamani.

"Shikamoo mama, karibu."

Alikwenda moja kwa moja mezani. Alikuwa analitazama lile jani. Nikajua ataniambia nimeleta uchafu mezani.

"Nimekusamehe, mwanangu."

Kwa lipi tena? Mume wangu akanikanyaga mguu, akaninong'oneza: kwa Wachaga, ukimpa mtu sale unamwomba msamaha, naye hawezi kukataa. Kwetu Tanga hayo ni majani tu! Na huyu mwanamume aliniona nikiyakata asubuhi, akanyamaza.

Nikameza kiburi pamoja na mtori.

Wakati wa kuondoka, mama akachomoa jani moja kwenye chupa, akaniwekea kiganjani bila kunitazama.

"Mtori wa leo mtamu," akasema.

Nimeupika vilevile kama wa Pasaka.