Kopo la Nta na Rimu ya Nne

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya duka la vipuri.
Jumapili, tarehe 14 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Shikamoo yako najua ungeitoa tu, basi naipokea huku huku: marahaba. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Yale mafua yamemwachia, au bado anapiga chafya mpaka majirani wanaitikia? Na mtoto je, meno yametoka? Mwambieni shangazi yake anamsalimu, na akianza kusema, neno la kwanza liwe shangazi. Baba na mama watatajwa tu, hawana haraka.

Sisi huku wazima. Mimi mgongo unanisumbua nikifua, lakini nikikaa kupiga hadithi hausumbui hata kidogo, sijui ni ugonjwa gani huo. Shemeji yako yupo na cherehani yake, anakusalimu. Kanenepa. Mwenyewe anasema suruali zimeingia maji.

Sasa utajiuliza, huyu Dada Redio tangu lini akaandika barua wakati simu anayo? Ni hivi. Simu nikiongea, Baba yuko hapo hapo kwenye kiti chake, na masikio yake mazima kabisa. Haya ninayokuambia hayafai yeye asikie. Ndiyo maana nimekaa jikoni, nimefunga mlango, naandika na mwandiko wangu huu wa kuku aliyekanyaga matope. Usicheke, soma tu.

Zile rimu ulizomtumia zilifika salama, zote nne. Yaani mdogo wangu, zinang'aa mpaka mtu unaweza kujitazama ukafunga kilemba. Baba alizipapasa, akasema tu, "Huyu mtoto huyu." Halafu akaenda chooni akakaa sana. Mi najua alikuwa analia.

Unajua gari lake lilikuwa limesimama kwa sababu ya zile rimu za zamani, zimepinda na kula kutu mpaka upepo ulikuwa hautulii kwenye matairi. Na unajua Mama yuko kwa dada yetu mkubwa tangu alipovunjika mguu, na Baba alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu wa kumrudisha mkewe nyumbani isipokuwa yeye, na gari lake, na mikono yake. Kwa hiyo rimu zilipofika, mi nikaanza kufua mashuka ya Mama. Nikajua kesho, keshokutwa, Mama huyo.

Thubutu!

Kwanza Baba akaenda hapo mbele kwa muuza vipuri kuuliza namna ya kuzitunza. Yule bwana akamweleza vizuri. Eti rimu mpya kabla hazijavaa tairi unaziosha kwa sabuni, unazikausha, unazipaka nta nyembamba kivulini, mbele na ndani kule kusikoonekana. Ukiona imefanya ukungu, unafuta kwa kitambaa laini. Unapaka mara ya pili, basi. Kazi yake ni lile vumbi jeusi la breki, ambalo linatoka la moto na kung'ata rimu. Nta ikiwepo linakosa pa kushika, maji tu yanaliondoa. Akamuuzia kopo, lile bapa la mviringo, dogo tu.

Baba akahamia sebuleni na rimu zake. Akatandika mkeka wangu, akazilaza, akaanza kazi. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mi nikasema haya, zimekwisha. Kesho yake namkuta anapaka tena. Namuuliza, Baba, muuza vipuri si alisema mara mbili? Ananijibu, "Yeye anauza, mimi naendesha." Siku nyingine anasema hazijakauka. Siku nyingine eti hewa ina unyevu. Wageni wanakuja wanakaa jikoni kwa sababu sebule imejaa rimu. Shemeji yako akijaribu kusaidia, anafukuzwa: "We bwana sindano, rudi kwenye vifungo vyako!"

Mi nikaanza kukasirika, sikufichi. Nikasema huyu mzee anapenda rimu kuliko mke.

Na Mama naye, kila nikimpigia simu namuuliza, Mama mguu vipi, ananiambia bado, unauma, nisiharakishwe. Dada mkubwa ananong'ona pembeni kwamba huyu Mama anayesema mguu unauma jana alipanda ngazi mpaka juu kuanika nguo. Nikashangaa, nikasema basi wameachana hawa kimya kimya, na umri huu. Nikaanza kupunguza chumvi kwenye chakula kwa wasiwasi.

Sasa sikiliza. Jumatano Shemeji yako anatafuta dawa yake ya viatu, ile nyeusi. Haipo. Tumegeuza nyumba. Mi naingia sebuleni kuuliza, namkuta Baba amepiga magoti, anafuta rimu ya nne, jasho linamtoka, uso umefurahi kama mtoto. Akanigeukia akasema, "Redio, njoo uone. Hii ya nne ndiyo imeng'aa kuliko zote."

Kitinda, ilikuwa nyeusi ti! Imekuwa kama sufuria la shughuli. Na pembeni ya goti lake kopo bapa la mviringo, dogo tu, la dawa ya viatu. Harufu hakuisikia, mafua yalikuwa yamemziba pua wiki nzima. Na rangi hakuiona.

Nilimtazama Baba anavyoitazama ile rimu, na ndipo nikaona kwamba haitazami. Anaipapasa. Vidole ndivyo vinavyotazama. Nikakumbuka anavyomimina chai kidole kikiwa ndani ya kikombe. Nikakumbuka gazeti analishika siku hizi lakini haligeuzi ukurasa. Na ikaniingia akilini kwa nini nta haikauki. Rimu zikishavaa tairi zinakwenda kwenye gari, gari likishapata rimu anatakiwa kuketi kwenye usukani mbele ya watu wote. Na yeye amebeba mizigo ya watu barabarani ujana wake wote, jina lake lote ni udereva. Atasema nini?

Nikamwambia, "Imeng'aa kweli Baba." Alipokwenda kulala mchana nikaichukua uani nikaifuta kwa mafuta ya taa, nikaiosha, nikaipaka ile nta yenyewe. Ilitoka karibu yote, isipokuwa kwenye tundu za nati, kule weusi umeganda mpaka leo.

Sasa siri hiyo mimi ningeikalisha wapi? Tumbo langu unalijua. Shemeji yako nilimwambia hapo hapo, akaketi kwenye cherehani akashona mkono wa shati kwenye kola. Halafu nikampigia Mama. Nikajizungusha weee, nikaanza na hali ya hewa, Mama akanikata: "Macho ya baba yako? Nayajua tangu siku ile dukani alipoisalimia sanamu iliyovishwa gauni, akaikasirikia kwamba haina adabu haikuitikia."

Kumbe! Kumbe mguu umepona zamani. Mama alikuwa anasema unauma ili Baba asije kumfuata, maana akija ataendesha, na akiendesha watakufa wote wawili, na kumwambia usiendeshe hawezi, atamuua kwa aibu. Kwa hiyo mmoja kule anauguza mguu mzima, mwingine huku anapaka nta iliyokwisha kukauka. Kila mtu anamlinda mwenzake, na mashuka nafua mimi!

Nikamwambia Mama, basi mimi nitasema naye. Akanikataza. Akasema, "Wewe ukisema naye, mtaa mzima utakuwa umesema naye. Mpe simu."

Nikampa. Nikajifanya napanga vikombe. Unajua Mama anavyoongea kwenye simu, kama anamwita mtu ng'ambo ya mto, kwa hiyo nilisikia yote bila dhambi. Akamwambia, mume wangu nimechoka kukaa kwa watu, njoo unichukue Jumamosi. Baba akaanza, oh, nta. Mama akasema, nta achana nayo, tatizo ni mguu. Barabara ile ina matuta, na mguu wangu unataka mtu wa kuushika kila tuta. Nani atakaa nami nyuma aushike?

Baba akasema, si atakuja fundi cherehani.

Mama akapiga ukelele! "Mkwe wangu anishike mguu mimi? Umepata wazimu wewe? Yeye akae mbele huko na usukani, anipe kisogo. Wewe ndiye mwenye mguu wako."

Baba akapapasa mfuko wake. Mimi nikaacha kugonga vikombe. Halafu akasema, "Kweli. Haifai mkwe." Akatoa funguo mfukoni, zile ambazo hata wewe hujawahi kuzishika, akaziweka juu ya cherehani ya Shemeji yako. Akasema, "Gea ya pili ina kiburi. Usiilazimishe."

Na muuza vipuri akavalisha tairi siku hiyo hiyo. Nta ilikauka ghafla, ajabu ya Mungu!

Basi jana ndiyo wamekwenda. Shemeji yako anaendesha kama anashona, polepole, mshono ulionyooka, na Baba kutoka kiti cha nyuma anamfundisha kazi: punguza, ongeza, hiyo kona usiivamie. Kila tuta anaushika mguu wa Mama kwa mikono miwili. Mama anagumia hata pasipo tuta, mwongo yule. Dada mkubwa alikuja nao, ndiye aliyenisimulia, na anasema walipofika katikati ya safari ule mguu ulikuwa umeshasahaulika, wameshikana mikono tu.

Walipoingia getini, kabla Mama hajateremka, Baba akazunguka gari akainama kwenye rimu moja moja. Akapitisha kitambaa kikavu, kikatoka na vumbi la breki lote, rimu ikabaki laini. Akacheka peke yake. Akasema, "Imeshika. Mwambieni mwanangu imeshika." Basi nimekuambia. Akafika ya nne, akamwita Mama aje aione, kwamba hiyo ndiyo aliipaka kwa moyo wote.

Mama akasimama na mguu wake mzima, akatazama zile tundu za nati zilizojaa dawa ya viatu. Akanitazama mimi. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Baba pale pale kwenye rimu, akasema, "Hii ndiyo nzuri kuliko zote."

Mimi nikaenda kukaanga vitunguu ili nipate sababu ya machozi.

Amekubali kwenda kwa daktari wa macho. Eti anamsindikiza Mama, kwa ajili ya mguu. Na daktari wa macho na mguu wapi na wapi, lakini sisi tumesema ndiyo ndiyo, ni wazo zuri.

Wewe ukipiga simu usimuulize macho, nakuomba sana. Muulize nta. Muulize alipaka vipi, akueleze kuanzia mwanzo, usimkatize. Na ukipata mtu anayekuja huku, mtumie nta nyingine, maana ile imekwisha na kila Ijumaa anataka kupaka. Lakini tafadhali mdogo wangu, nunua iliyo kwenye kopo refu.

Mama anakusalimu, Baba anakusalimu bila kujua kwamba naandika, dada mkubwa na wanawe wanakusalimu, Shemeji yako anasema umpime wifi mabega utume vipimo. Msalimie wifi yangu, mbusu mtoto mashavu yote mawili. Mungu awaangazie njia, awape wa kuwashika mkono kwenye kila tuta.

Mimi wako nikupendaye hata ukichelewa kujibu,

Dada Redio.