Mikutano Minne Imevunjika kwa Sala ya Kufungua, na Mtoto Hajabatizwa

Mshauri mpendwa,

Nisamehe kukaa kimya tangu Pasaka, nilikuwa nangoja wazee wapatane, na nikiwangoja hao nitakuandikia nikiwa na wajukuu. Binti yangu Diana alizaliwa 2008 kwenye mahema ya wakimbizi pale uwanja wa shoo, tulikokimbilia ghasia za uchaguzi, na tuliporudi mtaani kwetu Langas sisi tuliosali hema moja tukajenga kanisa moja la mabati, kila mtu na desturi ya kanisa lake la zamani, sasa Diana ana miaka mitatu hajabatizwa, maana hatujui nani ana mamlaka. Mzee Kipyego, aliyekuwa akituletea maziwa kambini, anasema bila askofu hakuna ubatizo, Mzee Ndungu anasema kanisa ni baraza la wazee, naye Mama Aluoch anasema waumini wote ndio wenye sauti, lakini aliposema tupige kura hakuna aliyeinua mkono, kura ndizo zilizotupeleka kwenye mahema. Mimi ndiye karani, na mikutano minne imevunjikia kwenye sala ya kufungua, kwa sababu atakayefungua ataonekana ndiye mkubwa.

“Ndungu, ukisema ‘tuombe’ tu, mimi naenda kukamua,” Mzee Kipyego alisema juzi.

“Nenda. Ama ng’ombe nao wanangoja askofu?”

Nimechoka. Kanisa la jirani wamekubali kumbatiza kimyakimya, lakini hawa ndio waliomfunika kwa leso zao hema likivuja, nataka wawepo. Tafadhali nitumie jibu kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, mstari wa Biblia ambao hao watatu hawajaupigania, na barua yenye muhuri, maana muhuri wanauogopa.

Nanzala, Langas

Mama Diana,

Pole, lakini nikugombeze kidogo. Wakristo wamebishana juu ya askofu, wazee na waumini mamia ya miaka, wewe ulitarajia Langas imalize kwa mikutano minne? Muhuri sina. Mstari pia sina, watapata tu wa kuupigania. Na kwa jirani usiende, utakuwa umewagawa wewe mwenyewe.

Jumapili hiyo usingoje wa kufungua. Anza “Baba yetu uliye mbinguni” kwa sauti, hakuna Mkristo atakayekuacha uimalize peke yako. Mkisema amina, andika: mkutano umefunguliwa na wote. Kisha wape kazi. Mzee Kipyego ana wiki mbili za kumleta askofu wake, akishindwa mchungaji yeyote aliyewekewa mikono atatosha. Wazee wa Ndungu wakuulize maswali ya imani, Mama Aluoch na waumini waitikie. Tarehe usiombe, tangaza.

Siku ikifika, mbebe Diana hadi mbele, na usiketi mpaka kichwa chake kilowe.