Jogoo wa Opicho

Javan ndugu yangu, sheria ya chama chetu cha mazishi hapa Kayole unaijua: anayetaja kifo chake mwenyewe kikaoni hulipa jogoo, na neno lililolipiwa halirudishwi.

Leo Opicho amelitaja. Mbele ya wanawe.

"Nikifa msinipeleke kwetu Bungoma. Nizikeni hapa mjini, makaburi ya Lang'ata, kando ya Phelister."

Lang'ata, Javan. Nimelirudia neno hilo njia nzima.

Mwanawe mkubwa akasimama. "Baba, unataka watu waseme tumekutupa mjini kama asiye na kwao?"

"Mama yenu tulimzika huko mvua za El Nino zilipokata barabara. Tangu hapo analala kati ya wageni. Ninyi mmemzuru lini?"

Mimi mwenyekiti, nikidhani namwokoa, nikasema, "Mzee mwenzangu, lifute neno hilo, ama ulipe."

Akainama, akavuta kikapu kutoka chini ya kiti. Jogoo mwekundu, miguu imefungwa. Alikuja naye kutoka nyumbani, Javan. Kutoka nyumbani.

"Mwenyekiti, pokea."

Wanawe wakanikodolea macho. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikampokea.